Amana au Upangaji? Biashara na Tarakilishi za Kukodi

Utangulizi

Katika jamii za Waswahili wa pwani, mtu aliyekabiliwa na safari ndefu aliweza kumkabidhi jirani mwaminifu mali yake ili aitunze hadi atakaporejea. Mali hiyo iliitwa amana. Aliyeipokea hakuwa na ruhusa ya kuitumia kwa faida yake, na ilimpasa airejeshe kama alivyoipokea. Upangaji ni jambo jingine kabisa. Mpangaji hulipa kodi ili apate mahali pa kuweka vyombo vyake; mwenye nyumba huahidi paa, kuta na mlango, lakini haapi kwamba vyombo hivyo havitaibwa wala kuungua. Tofauti kati ya maneno haya mawili, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua, ndiyo iliyojificha ndani ya mojawapo ya mabadiliko makubwa ya kibiashara ya zama hizi: desturi ya kampuni, benki, shule na hata maduka ya mtaani kuacha kumiliki tarakilishi za kuhifadhia kumbukumbu zao na kuzikodi kutoka kwa wengine.

Makala haya yananuia kueleza jinsi ukodishaji huo ulivyoanza, jinsi unavyofanya kazi na mwelekeo unaochukua, na kudhihirisha kwamba wateja wengi huuingia wakidhani wanaweka amana, ilhali mkataba waliotia sahihi ni wa upangaji.

Wingu na maana zake

Jina linalotumika sana kwa huduma hizi ni "wingu". Asili yake ni michoro ya wahandisi wa mawasiliano. Mhandisi alipochora mtandao wa ofisi alionyesha kila tarakilishi na kila waya, lakini alipofika kwenye mtandao wa nje ambao si wake, alichora umbo la wingu kuashiria kwamba yaliyomo humo hayamhusu. Kwa hivyo neno hili, tangu chimbuko lake, ni alama ya kitu ambacho mchoraji hakuona haja ya kukichungulia. Wafasiri wa Kiswahili walilichukua jinsi lilivyo, na hapana kosa la kisarufi katika kufanya hivyo. Kasoro ni kwamba Mswahili asikiapo wingu huwaza kitu cha juu, chepesi, kisicho na mwenyewe. Wingu la tarakilishi liko ardhini. Ni jengo la zege lenye safu za seva zilizopangwa katika makabati ya chuma, mitambo ya kupoza hewa inayonguruma usiku na mchana, majenereta ya dizeli, walinzi langoni, na mmiliki mwenye jina, anwani na serikali inayomtoza kodi.

Huduma ya kumwekea mfanyabiashara tovuti au barua pepe katika seva ya mtu mwingine nayo ina mushkili wake wa istilahi. Ukifuatwa mkondo wa Kiingereza, ambamo jina la huduma hii linatokana na kumpokea mgeni, neno litakalopatikana ni "ukaribishaji". Lakini mgeni wa Waswahili hula siku mbili bure, na ya tatu ndipo apewapo jembe. Mgeni wa seva hudaiwa kabla hajavua viatu. Neno "upangishaji" linafaa zaidi, na ndilo litakalotumika hapa.

Viwango vya upangishaji huu vinaweza kuelezwa kwa mfano wa makazi. Kuna mteja mwenye seva yake mwenyewe ambaye hukodi nafasi tu katika kituo cha data, mithili ya mtu anayekodi kiwanja akajijengea kibanda: umeme, ubaridi na ulinzi ni vya mwenye kituo, mengine yote ni yake. Kuna anayekodi seva tupu, iwe nzima au sehemu yake, kama nyumba isiyo na samani. Huyu huchagua na kutunza mfumo wa kuendeshea, programu na ulinzi wake. Yupo pia anayekodi nyumba yenye samani, ambapo mtoaji huduma hutunza mfumo na hifadhidata, naye mteja akaleta programu yake pekee. Mwisho yupo mgeni wa hoteli, ambaye hufungua kivinjari akakuta programu ya uhasibu, ya mishahara au ya barua pepe iko tayari, akalipa kila mwezi kwa idadi ya wafanyakazi wake. Kadiri mteja anavyopanda ngazi hii ndivyo kazi inavyompungukia, na ndivyo uwezo wake wa kuhama unavyopungua pia. Mwenye kibanda anaweza kuking'oa na kwenda zake. Mgeni wa hoteli haondoki na kitanda.

Kutoka Kodak hadi Cape Town

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1961 John McCarthy, mtaalamu wa tarakilishi wa Marekani, alitabiri kwamba siku moja huduma za tarakilishi zingeweza kuuzwa kwa umma kama zilivyouzwa huduma za simu. Wakati huo tarakilishi moja ilijaza chumba, na watumiaji waligawana muda wa kuitumia. Bei ziliposhuka, kila kampuni ilitaka ya kwake. Kisha, mnamo 1989, Kodak, kampuni tajiri ya filamu na kamera, iliushangaza ulimwengu wa biashara kwa kuikabidhi IBM uendeshaji wa vituo vyake vya data. Haikuwa kawaida kwa kampuni ya ukubwa huo kuwapa watu wa nje kazi nyeti kiasi hicho. Baada ya Kodak, jambo hilo lilianza kuhesabiwa kuwa busara ya usimamizi: mtengenezaji filamu atengeneze filamu, tarakilishi waachiwe wanaozijua.

Kilichokosekana ni namna ya kumkodishia mteja mdogo sehemu ndogo, kwani seva nzima ni ghali na duka la vitabu halina haja nayo. Ufumbuzi ulitokana na programu zinazoigawa seva moja katika seva kadhaa za kidhahania, kila moja ikijiona kana kwamba iko peke yake, mfano wa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vingi na ukumbi mmoja, ila kuta zake hazipitishi sauti. IBM ilikuwa na mbinu hiyo katika mitambo yake mikubwa tangu miaka ya 1960. VMware, iliyoanzishwa mnamo 1998, iliileta katika tarakilishi za kawaida, na Xen, programu huria iliyotoka katika Chuo Kikuu cha Cambridge mnamo 2003, iliifanya ipatikane bila malipo. Mnamo 2006 Amazon, kampuni iliyopata umaarufu kwa kuuza vitabu, ilianza kukodisha hifadhi mwezi wa Machi na seva za kidhahania mwezi wa Agosti.

Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni kwamba huduma hiyo ya seva ilijengwa kwa sehemu kubwa barani Afrika, na kikundi cha wahandisi waliofanyia kazi Cape Town wakiongozwa na Chris Pinkham. Hata hivyo, ilikuwa 2020 ndipo Amazon ilipofungua vituo vya aina hiyo katika mji huo huo. Kwa miaka kumi na minne kilichoundwa Afrika kilikodiwa na Waafrika kutoka mabara mengine.

Umbali na mamlaka

Swali la mahali seva ilipo halikuwa la kinadharia kwa Wakenya. Mwishoni mwa karne iliyopita, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine, endapo ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni tofauti za intaneti, ilisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo kisha ikarejea. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilianzishwa mwishoni mwa 2000 ili kukomesha uzururaji huo, kikafungwa baada ya muda mfupi kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba, kikafunguliwa tena mnamo 2002. Setilaiti za wakati huo zilikaa takriban kilomita 36,000 juu ya ardhi, hivi kwamba swali kwenda na jibu kurudi kulichukua karibu nusu sekunde. Nusu sekunde ni kidogo kwa msomaji wa barua. Kwa programu ya uhasibu inayoiuliza seva maswali mia kabla ya kufunga hesabu ya siku, ni karibu dakika nzima ya kungoja. Hali ilibadilika mnamo 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, zikifuatwa na EASSy mnamo 2010. Hapo ndipo kukodi seva ya mbali kulipokuwa jambo linalowezekana kwa mfanyabiashara wa kawaida.

M-Pesa ni kielelezo kizuri cha safari hiyo. Ilizinduliwa mnamo Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Muuza mboga wa Gikomba alipomtumia mwenzake wa meza ya pili shilingi mia mbili, hesabu ilifanyiwa Ulaya kabla ya simu ya pili kutoa mlio. Seva hizo zilihamishiwa Kenya mnamo 2015.

Mwelekeo wa miaka iliyofuata umekuwa huo huo wa kusogeza majengo karibu na wateja. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mnamo 2019, Amazon ikafuata kama ilivyotajwa, na Google ikafungua Johannesburg mnamo 2024. Nairobi na Mombasa nazo zimepata vituo vya data vya watu binafsi vinavyokodisha nafasi. Mnamo Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 uliohusisha kituo cha data cha Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke. Ingawa ikumbukwe kwamba tangazo la jengo si jengo. Mwezi huo huo, tarehe 12, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Katika tukio kama hilo, tovuti ya Nairobi iliyopangishwa Nairobi inaweza kumfikia mteja wa Nairobi kupitia KIXP bila kuvuka bahari. Iliyopangishwa ng'ambo kwa sababu kodi ni nafuu hupotea machoni pa watu walio mtaa mmoja na mwenyewe.

Hata hivyo, ukaribu wa jengo si ukaribu wa mamlaka. Sheria iliyopitishwa Marekani mnamo 2018 huziwezesha mahakama za huko kuidai kampuni ya Kimarekani itoe data iliyo mikononi mwake hata kama seva iko nchi nyingine. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatenganisha wahusika wawili: mdhibiti, ambaye huamua data ya watu ikusanywe kwa nini, na mchakataji, ambaye huishughulikia kwa niaba ya mdhibiti. Mwenye zahanati anayehifadhi rekodi za wagonjwa katika programu ya kukodi ndiye mdhibiti; kampuni ya seva ni mchakataji tu. Rekodi zikivuja, mgonjwa atabisha hodi kwa mwenye zahanati. Kazi imehama, dhima imebaki nyumbani.

Mali bila daftari

Kivutio kikuu cha wingu ni kulipa kwa kadiri ya matumizi. Mwanafunzi mwenye wazo la biashara hahitaji tena mtaji wa kununua seva. Hukodi kwa saa, na wazo likifa hufunga akaunti. Duka linalouza sana wakati wa sikukuu huongeza uwezo mwezi wa Desemba na kuupunguza Januari. Faida hii ni ya kweli, na biashara nyingi changa zisingezaliwa bila hiyo.

Walakini matumizi yasiyoonekana ni rahisi kusahaulika. Seva iliyowashwa kwa majaribio na kuachwa huendelea kudaiwa usiku kucha kama bomba lililoachwa wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo imegeuka kuwa taaluma: kampuni kubwa zimeajiri watu ambao kazi yao ni kusoma ankara za wingu mstari kwa mstari. Wapo waliozisoma wakaamua kurudi nyumbani. Dropbox, inayohifadhi faili za watu, iliondoa sehemu kubwa ya data yake kwa Amazon na kuiweka katika seva zake, na katika hesabu zake za 2018 ilieleza kwamba gharama za uendeshaji zilikuwa zimepungua kwa dola milioni 74.6 katika miaka miwili. Kampuni ndogo zaidi, 37signals, ilitangaza mnamo 2022 kwamba inaondoka, baada ya kuona ankara ya zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka mmoja. Hili halimaanishi kwamba wingu ni ghali kwa kila mtu. Linamaanisha kwamba anayeijua kazi yake ya kila siku na asiyebadilikabadilika hunufaika kwa kumiliki, naye asiyejua kesho itakuwaje hunufaika kwa kukodi, kama ilivyo kwa nyumba.

Kodi inayouma zaidi ni ya kuhama. Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida ni bure. Kuitoa ndiko kunakolipiwa. Mnamo 2024 Google, Amazon na Microsoft, kwa kufuatana, zilitangaza kuyaondoa malipo hayo kwa mteja anayehama kabisa, wakati sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ilipokuwa ikikaribia. Sheria hiyo ilianza kutumika Septemba 2025. Hata hivyo, lango kuwa wazi hakutoshi ikiwa programu za mpangaji zimeshonwa kwa vipimo vya nyumba hiyo moja.

Ahadi na moto

Mikataba ya upangishaji huwa na kifungu cha kiwango cha huduma. Huandikwa kwa asilimia, na asilimia hizo hupendeza macho. Asilimia 99.9 husikika kama ukamilifu, lakini mwaka una saa 8,760, na sehemu moja ya elfu ya saa hizo ni zaidi ya saa nane na dakika arubaini na tano. Asilimia 99 ni siku tatu na zaidi ya nusu. Isitoshe, ahadi ikivunjwa, fidia ya kawaida ni punguzo katika ankara ijayo. Hasara ya duka lililofungwa siku nzima ya mnada haimo.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo la ghorofa tano la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Hakuna aliyefariki, lakini seva zilizokuwemo ziliangamia pamoja na tovuti na kumbukumbu za maelfu ya wateja. Mkuu wa kampuni aliwashauri wateja waanzishe mipango yao ya kujinusuru na maafa. Ushauri huo ulikuwa sahihi kisheria, ila wengi hawakuwa na mpango wowote. Walidhani kwamba kuweka vitu winguni ndiko kujinusuru kwenyewe. Wapo hata waliokuwa wamelipia nakala za akiba, wakaja kugundua kwamba nakala hizo zilihifadhiwa katika eneo lile lile lililoungua.

Kisa cha pili hakina moto wala moshi. UniSuper ni hazina ya pensheni ya Australia yenye wanachama zaidi ya 600,000. Mwanzoni mwa Mei 2024 mifumo yake ilizimika, na kwa zaidi ya wiki moja wanachama hawakuweza kuziona akaunti zao. Chanzo kilikuwa kosa lililotendeka mwaka mmoja nyuma: mfanyakazi wa Google alipoiandalia hazina hiyo sehemu yake katika wingu, nafasi moja ya kujaza iliachwa wazi. Mfumo ulifasiri uwazi huo kuwa mkataba wa mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha ukaifuta sehemu hiyo bila kumwonya mtu. UniSuper ilikuwa imechukua tahadhari ya kuweka nakala katika maeneo mawili, lakini maeneo yote mawili yalikuwa chini ya akaunti moja, na ufutaji ulipita kote. Kilichosaidia kuiokoa ni kwamba watu wake walikuwa wameweka nakala nyingine kwa mtoaji huduma tofauti.

Ni vyema kutua kidogo kwenye neno "watu wake". Mwelekeo mkubwa wa huduma za tarakilishi kwa sasa si kukodi seva tu bali kukodi na watunzaji: kampuni ya nje husimamia mtandao, hufunga programu mpya, hulinda dhidi ya wadukuzi na hujibu simu za wafanyakazi nywila zinapogoma. Kwa biashara ndogo hii ni nafuu kubwa, kwani mtaalamu mmoja wa usalama ni ghali kuliko ada ya mwezi. Lakini hatari huwa ya pamoja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa tarakilishi, lilizizima takriban tarakilishi milioni 8.5 duniani kwa siku moja, na ndege zikabaki viwanjani. Tena, ofisi ikiwaachisha kazi wataalamu wake wote, hubaki bila mtu wa kusoma mkataba na kuuliza ile nakala ya akiba iko wapi, iko chini ya akaunti ya nani, na lini ilifunguliwa mara ya mwisho ikaonekana kuwa nzima.

Maswali hayo matatu yana uzito wa kipekee kwa vyama vya akiba na mikopo, ambavyo Kenya inavyo kwa maelfu na ambavyo vingi vimehamishia madaftari yao katika programu za kukodi. Fedha ambazo mwalimu au mkulima huweka katika chama hicho huitwa amana, na jina hilo si la mapambo. Chama kina wajibu wa kuzirejesha. Ushahidi kwamba fedha hizo ni za nani na ni kiasi gani umo katika seva iliyopangwa, chini ya mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ambao mwanachama hajawahi kuonyeshwa. Siku mkataba wa aina hiyo utakapofasiriwa kwa Kiswahili ili usomwe katika mkutano mkuu wa mwaka, mfasiri atafika kwenye kifungu kinachoeleza kile ambacho kampuni ya seva inafanya na kumbukumbu za wanachama. Itambidi aandike ama "kutunza amana" ama "kupangisha nafasi", na wanachama watataka kujua ni kwa nini.